Mngoni Aliyezikwa Bila Mtani

Wewe Mngoni,

Sikuamkii. Hata ulipokuwa hai sikuwahi kukuamkia, nikianza leo utadhani na mimi nimekufa.

Skola, tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kupewa pole. Bombani pole, kanisani pole, kwenye mashine ya kukoboa mpunga pole sana mama. Ubaruku nzima imekuwa na adabu kwangu, na adabu yao inanichosha. Hakuna hata mmoja anayenitukana. Nimekuwa mpweke mchana kweupe, katikati ya watu.

Nataka nikueleze yaliyotokea kaburini, maana wewe ulikuwa ndani ya jeneza. Usije ukafika kwa babu zako ukasema Mhehe wako alikutupa. Nilijiandaa mimi! Nilivaa kitenge chako kile chenye picha za kuku, nikavaa na mabuti yako ya shambani, moja limetoboka. Jeneza lilipokaribia nikateremka kaburini, nikaketi, nikapiga kelele: "Hazikwi mtu hapa! Huyu mla panya ameniachia palizi, aamke kwanza akamalize!"

Watu wakatazamana. Kwenu Songea, au kwetu Idodi, watu wangecheka huku machozi yanawatoka, shangazi zako wangenibembeleza kwa kuku nitoke, ndipo uzikwe kama mtu mwenye watani. Lakini mwanao Otmari alihamia Dar es Salaam angali mdogo, na kamati yake ya mazishi ilikuja na MC. Yule MC akashika kipaza sauti: "Tunaomba vijana wamsaidie mama, amezidiwa na uchungu." Wakaninyanyua juu juu kama gunia. Wakanikalisha chini ya turubai, binti mmoja akanipa maji na kunipepea. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtani wa marehemu. Akasema, "Ndiyo mama, tunajua, we pumzika." Wakati huo udongo ulikuwa unaanguka juu yako. Wahehe wengine walikuwepo, wazee wenzangu, lakini waliinamisha vichwa. Waliona haya mbele ya zile suti.

Simlaumu Otmari. Alitukuta tunatukanana tangu hajaota meno, akadhani ndivyo tulivyo tu. Hatukumwambia kwa nini.

Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba babu zenu walitoka mbali, kusini kabisa mwa bara hili, wakitembea na ngao mkononi na watoto mgongoni, vizazi na vizazi, wakila vya watu njiani. Wakafika kwetu, wakapigana na babu zetu mpaka pande zote mbili zikachoka. Ninyi mnasema mlishinda. Mnasema. Basi waliochoka wakapatana: tusiuane tena, tutukanane, na akifa wenu sisi tutakuja kumzika, akifa wetu mtakuja ninyi. Ndicho walichotuachia wale waliohama na wale waliohamiwa.

Mimi nilikiona kinafanya kazi siku ile nilipoletwa hapa, ndoa changa, simjui mtu. Kwetu ni kukavu, sijawahi kupandikiza mpunga, naogopa hata kutia mguu kwenye tope la jaruba. Wanawake wamejipanga mstari, Wasangu, Wanyakyusa, Wabena, Wakinga, na yule mama wa Kibaluchi mwenye shamba amesimama kwenye tuta. Nikafungua mdomo kuuliza naanzia wapi, wewe ukaisikia lafudhi yangu. Ukaja mbio ukaninyang'anya miche yote. "Wewe mla mbwa, nani kakuruhusu kuingia kwenye shamba la wafalme?" Sikuwa nimecheka tangu nitoke kwa mama. Nikakupaka tope usoni. Wenzetu wakashika vichwa, wakidhani tutauana. Jioni nilikuwa nakula ugali kwako.

Ulikuwa ukisema hapa hakuna mwenyeji, wote ni abiria, wengine waliwahi siti tu. Abiria wanazidi kuja, Skola. Nyumba yako Otmari ameipangisha kwa familia ya Kisukuma, wameshuka na ng'ombe zao kutoka Chunya. Mke ni binti mdogo, anaitwa Minza, ananiamkia kwa magoti mpaka naona aibu. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamjaribu. Nikamwambia, "Ninyi, ng'ombe zenu zina akili kuliko wenyewe." Binti wa watu akakimbilia ndani. Jioni akaja na mumewe na kibuyu cha maziwa, wakapiga magoti wote wawili, wakidhani ng'ombe zimeingia shambani kwangu. "Mama tusamehe, sisi wageni." Nikayanywa maziwa yale nikikuwaza wewe. Yalikuwa matamu, lakini mimi nilikuwa nataka tusi.

Labda wajukuu wa Minza na wajukuu zangu watatafuta namna yao ya kutaniana. Mambo hayo yanachukua muda, na mimi muda sina. Nilikuwa na wewe.

Leo asubuhi, watu wakiwa misani, nimekuja kwako. Umeniona? Nimekaa juu ya udongo wako nikaanza kazi yangu upya. Nimesema wali wako ulikuwa unaungua kila siku na ukasingizia kuni. Nimesema kwenye kwaya ulikuwa unalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nimesema babu zako hawakuhama, walifukuzwa kwa uchoyo. Nimesema ulimchukua mwanamume mzuri wa watu ukamgeuza mlinda ndege, akafa na kombeo mkononi. Nimesema umekufa kwa uvivu, uliona palizi inakuja. Nimesema yote, hata yale tuliyokuwa tukiambizana wawili tu. Halafu nikanyamaza, kama tulivyozoea, nikakupa nafasi ya kujibu.

Nilingoja. Ng'ambo ya mfereji mtu aliwasha pampu ya maji, ikagoma, akawasha tena. Nikaendelea kungoja. Siku ya msiba sikulia, nilikuwa na kazi. Leo ndipo nimelia, Skola, nimelia mpaka nimeshika nyasi, maana tangu nikufahamu hujawahi kukosa jibu.

Kwa hiyo umekufa kweli. Haya. Na sasa umezikwa na mtani wako, hakuna wa kukudharau huko uliko.

Nakuahidi jambo moja. Nitampigia simu Otmari nimweleze mimi ni nani kwake, maana watoto wako ni watani zangu hata kama wanavaa suti. Nitamfundisha matusi, moja baada ya jingine, mpaka ulimi uzoee. Nataka siku yangu ikifika asije na MC. Aje yeye, aingie kaburini mwangu na suti yake, akatae kutoka. Akiona aibu nitamtukana mpaka aibu imwishe.

Lala sasa, mla panya. Nami nitakapofika huko, ole wako unipokee kwa adabu.

Mhehe wako,
Agnela