Mlima wa Kesho

Mugendi mjukuu wangu,

Hatujambo hapa Siakago. Mtoto anaota meno, kwa hivyo usingizi nausikia kwa majirani tu. Najua wenzako hucheka ukiniita cucu, yaani bibi, na bado nanyonyesha, lakini baba yako ni mtoto wa dada yangu mkubwa, na heshima hiyo siiachi.

Umeuliza kama miguu huzoea, maana siku ya kwanza ya mbio za baiskeli unapaa, na ya tatu unataka kujitoa. Hata mimi nilijiuliza hivyo tuliposhindana kwa baiskeli kupanda hadi Meru. Jioni ya kwanza akina mama wa kanisa walitupa malazi. Wazee wakaja kutusalimu, nami nikasimama kwa kila mmoja, nikaimba, nikaosha hata vyombo. Mgeni mzuri! Kendi, msichana wa Kangeta niliyeshindana naye, alisalimia akiwa amelala chali, miguu ukutani, bakuli la githeri kifuani.

"Wewe, umekufa?" nikamchokoza.

"Niache bwana. Napanda mlima wa kesho."

Kesho yake nilimwona mgongo tu. Siku ya tatu sikuuona hata huo.

Miguu haizoei, mjukuu. Inalishwa na kulazwa. Ukishuka baiskeli, kula hata kama huna hamu, kisha ulale. Wakikuita mvivu, itika. Usijitoe kabla hujajaribu hivyo.

Mtoto amesinzia sasa. Vyombo viko pale vinaniangalia. Naviacha, napanda mlima wa kesho.

Cucu wako,
Wanja