Barua Niliyomwandikia Mama Masanja

Jumanne, jioni

Hamu ya kula sina. Mfuko wa michembe alioniletea Mama Masanja uko hapa mezani, viazi vikavu vya shambani kwake, na siwezi hata kuugusa.

Ametoka Mhunze alfajiri kuja kukishukuru chuo. Mimi ndiye mshauri wa wanafunzi, basi wakamleta ofisini kwangu. Akafungua pindo la kitenge, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Nikaitambua. Niliisaini mwenyewe, muhula uliopita.

"Mwalimu, mimi kusoma sijui. Hebu nisomee tena pale mnapomsifu mwanangu."

Barua ile haina sifa hata moja. Inasema Masanja haonekani darasani, na wenzake wanasema yuko machimboni Geita.

"Nani alikusomea, mama?"

"Si ni Masanja mwenyewe! Niliitunza mpaka alipokuja nyumbani. Akatusomea, mimi na majirani."

Mjinga mimi. Miaka yote naandikia wazazi, sijawahi kujiuliza nani atawasomea. Namba yake ya simu ilikuwemo kwenye faili. Ningepiga tu...

Nilitamani kumdanganya. Lakini kijana anashuka mashimoni kila siku, na mama yake hajui. Nikamwambia ukweli wote.

Hakulia. Aliichukua barua, akaitazama muda mrefu, kisha akaikunja vilevile, mara nne.

"Lakini alisoma vizuri, mwalimu," akasema. "Hakukwama hata mara moja."