Unene wa Mchumba Wangu Wanitia Shaka

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima na taadhima naomba msaada wa busara yako. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kilimo, mkazi wa Bigwa, na nimemchumbia Paskalia wa Mgeta, ambaye mwaka jana aliteleza mteremkoni na tenga la kabichi akaumia mgongo, na tangu hapo anatumia dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini kwa miezi minne sasa mwili wake umeongezeka kwa namna isiyoelezeka, gauni la uchumba halifungiki, hamu ya chakula imezidi, na nilipomhoji alijibu kwa mkato, "Ni dawa, Jastin," jibu lisilomridhisha msomi yeyote, kwani mimi nameza panadoli tangu kidato cha kwanza na suruali zangu ni zile zile. Dada yangu Upendo naye akasema, "Kaka, shtuka, hicho si kitambi cha vidonge." Nikamtaka Paskalia asitishe dawa wiki mbili kama uthibitisho, akaniuliza, "Unataka nikonde au nitembee?" Hata hivyo amezipunguza, na sasa hawezi kuinama. Jumapili wazee wangu wanapanda kwa mjomba wake, Mzee Lukasi, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mwenye kauli, nami nimeandaa waraka wa kurasa mbili kuomba binti apimwe ujauzito kabla ya mahari. Je, nitakuwa nimekosea?

Jastin, Bigwa

Jastin,

Pole, kumpenda mtu anayeumwa kunachosha. Lakini umeshakosea, tena tangu siku ya huo uthibitisho wako. Panadoli ni kitu kingine kabisa. Baadhi ya dawa za mishipa ya fahamu huongeza njaa, nyingine hujaza maji mwilini, na uzito hupanda bila mwanamume yeyote kuhusika. Kuzikatisha kiholela ni hatari. Umemwona hawezi kuinama, nawe ukaendelea kuandika waraka!

Kesho msindikize kwa daktari aliyempa dawa. Aeleze kwamba amezipunguza na kwamba ananenepa. Huenda ikapatikana nyingine. Wewe kaa nje mpaka akuite. Upendo msalimie, mwambie macho si kipimo cha maabara.

Waraka uchane. Neno likishawekwa mbele ya mjomba si la wachumba tena, ni la ukoo mzima, na hata ukiomba radhi, Paskalia atakuwa ameshapimwa na kila jicho la Mgeta. Kama shaka bado inakukaba, mwambie mwenyewe, usoni, uvumilie atakachokujibu. Ukishindwa hilo, Jumapili wazee wako wapande vilevile, wamweleze Mzee Lukasi kwamba mpwa wake hana kosa lolote, ila mchumba hakuwa tayari kuoa.

Bi. Maimuna