Jemadari na Vyungu vya Matema

Shikamoo Bibi,

Natumaini baridi ya Mbeya haikusumbui kifua. Huku Matema tunatoka jasho tangu asubuhi. Leo nimeogopa sana. Shangazi alikuwa akimpeleka ziwani Jemadari, farasi mzee wa mashindano aliyeumia mguu akaletwa apumzike kwenye kituo cha kutunza farasi anakofanya kazi Shangazi, maana maji hutuliza uvimbe. Radi ikapiga. Jemadari akamponyoka, akakimbia masikio yamesimama kuelekea safu ya vyungu vilivyoanikwa ufukweni.

“Akiruka, mguu unavunjika!” Shangazi alipiga kelele.

Mama mmoja mfinyanzi, mwenye vyungu hivyo, alikuwa karibu. Alivisukuma kwa mguu vyungu vyake viwili vya katikati, vikabingirika hadi kwenye mawe na kupasuka. Njia ikawa wazi. Jemadari akapunguza mwendo, akapita akichechemea, akaingia majini akatulia.

“Ndaga fijo, mama! Asante sana! Na vyungu vyako je?” Shangazi aliuliza huku analia.

“Chungu nitafinyanga kingine. Mguu wa mzee huyu nani ataufinyanga?”

Kesho mimi na Shangazi tutamchimbia mama huyo udongo wa kufinyangia vyungu vingine. Jifunike vizuri, Bibi yangu. Nakupenda.

Mjukuu wako,
Atupele