Mgeni wa Klabu Ambaye Hatukumwalika

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika ila mawingu bado yamekaa juu ya ziwa, na mimi nimerudi nyumbani mbio kutoka mkutanoni. Naandika huku nangoja gari.

Kwa usiyenijua: nafanya kazi kwenye ofisi moja ya bandari hapa Kalemie, kando ya ziwa, na kwenye klabu yetu ya kujitolea mimi ndiye mtafuta wasemaji. Kila Alhamisi alasiri namleta mtu atupe mada. Tumeshapewa ufugaji wa nyuki, presha, mbegu za muhogo, na bwana mmoja alituhubiria faida za choo bora mpaka chai ikapoa. Tuna desturi moja: mgeni hakatizwi. Simu zinazimwa, hata Prezida, mwenyekiti wetu, hakohoi. Na mgeni haulizwi jina mlangoni, maana aliyemwalika anamjua.

Leo nilimngoja mwalimu wa kilimo kutoka Niemba. Akaingia mama wa makamo, kitenge cha buluu, miguu mitupu iliyolowa mpaka magotini. Nikadhani Prezida amebadilisha mada bila kuniambia, ndiyo tabia yake. Tukampigia makofi.

Hakutoa salamu ndefu. Alisema atazungumzia nyumba ambazo ziwa limeshaingia na wenyewe hawajui.

"Maji haianzie ku mulango," alisema. "Inaanzia chini. Mugonjwa wa kitandani anaisikiaka wa kwanza. Inatembea pole pole, sawa vile mutu anatafuta kitu."

Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia nyumbani.

Mama yangu mzazi miguu yake imekufa ganzi, hashuki kitandani. Tangu mvua zianze ananiambia anasikia maji chini ya sakafu. Nyumba yetu iko karibu na ufukwe, na majirani wa upande wa chini walihama ziwa lilipopanda. Mimi nimekataa kuhama. Nyumba aliijenga baba, na mimi si mtu wa kufukuzwa na maji. Nilimwambia mama ni uzee tu, nikamwongezea blanketi. Sijamweleza mtu mwingine habari hiyo, hata dada yangu anayekaa mlimani na ana chumba kitupu.

Yule mgeni akaendelea. Akataja chumba cha nyuma chenye dirisha dogo. Akataja ufa ukutani, umefichwa na kabati. Kabati hilo nililisogeza mwenyewe nyumbani, na mlango wa chumba hicho, jirani na cha mama, nimeufunga. Hakunitazama hata mara moja. Ningependa kuandika kwamba niliinuka nikamuuliza amejuaje, lakini nilikaa kimya na heshima zangu kama wenzangu.

Alipomaliza, Prezida aligeuka kuchukua zawadi mezani. Alipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Pale aliposimama, na miguu ile iliyolowa, sementi ilikuwa kavu.

Nikawasha simu. Mwalimu wa Niemba alikuwa ameacha ujumbe: gari limekwama kwenye matope tangu asubuhi, tumsamehe.

"Sasa ule mama ulimutoa wapi?" Prezida akaniuliza. "Mie nilizania ni mutu wako."

Nikachukua pikipiki mpaka nyumbani.

Mama alikuwa ameketi kitandani akitazama mlango.

"Alifika?"

Nikamuuliza nani.

"Ule mama wa huku chini. Nilimutuma kwenu. Mie nasema kila siku, hausikie. Lakini mugeni, ninyi munamusikilizaka."

Ni kweli. Mtu nisiyemjua nilimpa saa nzima bila kupumua vizuri, na mama yangu nilimpa blanketi.

Nikapiga magoti, nikalaza kichwa karibu na miguu ya kitanda. Chini ya sakafu maji yalikuwa yanatembea kweli, taratibu, kutoka ukuta wa chumba cha nyuma kuja upande wetu. Nilipogusisha sikio sakafuni, yakasimama.

Yamesimama mpaka sasa. Nadhani yanasikiliza.

Nimempigia dada. Shemeji yuko njiani na gari, na nguo za mama nimeshazifunga. Tutaondoka kabla giza halijaingia. Nitamwomba mama msamaha tukifika barabarani, kwa sababu humu ndani naogopa kusema kwa sauti.