Isirudishwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Macho yanasemaje? Wameshakufungua au bado unatazama bandeji? Sisi huku wazima. Kipusa ameota jino la pili, na mtihani wa kwanza amelifanyia kwenye mkanda wa ngozi wa mteja. Nimeupaka rangi, hauonekani kitu.

Duka linaenda. Betri nabadilisha mwenyewe, mikanda nakata mwenyewe. Saa ya ukutani ya kinyozi jirani, iliyokuwa inakwenda mbele, sasa inachelewa, kwa hiyo nadhani nimekaribia.

Sasa nikwambie habari ya ile saa nyeusi uliyoiacha kwenye droo, ya yule mama mzee mwenye miwani ya kamba. Uliwahi kusema zilitengenezwa mia moja tu dunia nzima, kwa ajili ya watu wa mashindano ya magari. Baba, saa gani ile! Uso wake mweusi kama lami iliyonyeshewa. Ukingoni umezungukwa na miraba midogo myeupe na myeusi, kama ile bendera wanayopunga gari la kwanza likifika. Ndani kuna visaa vitatu vidogo, kama vile saa mama imebeba watoto. Mkanda una matundu kama glavu za dereva. Halafu kuna mshale mmoja mwekundu, mwembamba kama unywele, ambao haukuwa na kazi yoyote. Umesimama tu pembeni kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

Niliitia ufunguo, ikaamka. Haina zile tiki-tiki za saa zetu. Inasikika kama manyunyu kwenye bati la nyumba ya mbali. Kipusa, ambaye meno yamemnyima usingizi wa mchana, nikamwekea sikioni, akatulia tuli. Nikabonyeza kitufe cha juu, ule mshale mwekundu ukaanza kukimbia, na macho yake yakaufuata duara zima. Nikabonyeza tena, ukasimama. Nikabonyeza cha chini, ukaruka mpaka juu kabisa kama umeitwa jina. Mtoto akacheka hadi kwikwi! Sasa kila mchana ndio mchezo wetu. Siku nyingine nami nasinzia palepale mezani, nikaota nimo ndani ya gari lisilo na kelele, barabara inanijia yenyewe, sina ninachokimbilia wala ninachokimbia.

Mwenye saa amekuja mara mbili, nimekataa kumpa. Si uliifunga kikaratasi na uzi, ukaandika "Kioo kipya. ISIRUDISHWE"? Akasema, "Binti, kioo si kimeshawekwa?" Nikasema kimewekwa, Mama, lakini baba kaandika isirudishwe. "Kwa nini?" Nikamwambia hakuandika kwa nini. Mara ya pili alinikazia macho mpaka nikaangalia sakafu, ila sikulegea. Nataka ukirudi ujue kwamba hata mimi niliyeishia darasa la saba naweza kukalia kile kiti chako chenye taa.

Pona upesi. Hapa naikunja karatasi, maana Kipusa ameshaikamata pembe.

Binti yako,
Mama Kipusa


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na mjukuu wangu mpigie busu kwenye hilo jino. Macho yangu yote mawili bado yamefungwa. Anayeandika ni jirani yangu wa kitanda, fundi cherehani, ambaye jicho lake moja bado lipo kazini. (Nami nakusalimu, binti. Baba yako anakoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta.) Usiandike hayo. (Nimeshaandika.)

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimwambia arudie pale pa kitufe cha chini, na tangu hapo chakula hakipiti.

Mwanangu, kosa ni langu. Sisi mafundi tukisema saa hii irudishwe, maana yetu ni ule mshale wa mbio urudishwe juu, sifuri. Nilikuwa nakukumbusha usibonyeze. Sikukuambia umnyime mtu mali yake! Niliandika neno moja kwa haraka, macho yana ukungu, basi linanisubiri nje, nikadhani unaisikia sauti yangu ndani yake. Neno halina sauti.

Yule mama mume wake alikuwa dereva wa mashindano. Alifia barabarani, mashindanoni. Siku ile mshale ulisimama mahali, na kwa miaka ishirini na sita hajamruhusu mtu auguse. Hata mimi alinikataza kuifungua. Alitaka nibadilishe kioo tu, kilichopasuka saa ilipoanguka kabatini. Aliniambia hivi: "Fundi, wengine wamebaki na picha. Mimi nimebaki na mshale."

Sasa fikiri taratibu, usilie. Mshale ulikuwa umesimama wapi? Na ule mdogo wa dakika je? Mimi sikuandika popote, na nikifumba macho naona weupe tu.

Baba yako


Jumanne, tarehe 12 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo, na msalimie fundi cherehani. Mwambie kukoroma kwako tulishakuzoea huku, pole yake yeye. Kipusa mzima. Mimi mzima wa kutembea tu.

Ulisema nisilie, ila nilipofika kwenye neno hilo nilikuwa nimeshaanza. Nimekaa na ile saa siku mbili nikijaribu kukumbuka. Nakumbuka kila kitu, Baba. Nakumbuka jua lilikuwa limefika kwenye mguu wa meza. Nakumbuka Kipusa alikuwa na soksi moja. Nakumbuka hata kinyozi alikuwa anabishana na mteja kuhusu ndevu. Mshale siukumbuki. Nilikuwa namtazama mtoto. Nikifunga macho nauona upande wa kulia, nikifungua nauona kushoto. Niliota mshale umenijia umevaa miguu, unaniuliza nyumbani ni wapi, nami nauelekeza kila mtaa kwa adabu zote, na mitaa yote si yake.

Mwenye saa amepita leo. Hakuingia. Alisimama mlangoni akasema, "Nitakuja Ijumaa ya wiki ijayo, na safari hiyo sitaondoka bila kitu changu, hata kama baba yako ameandika kwa wino wa dhahabu."

Nimewaza jambo, usinichukie. Mshale huu ukiuachia ukimbie, unaweza kuusimamisha popote. Miaka ishirini na sita ni mingi, naye miwani yake ni minene. Tukimwekea mahali panapofanana, ataenda nayo kwa amani, na jina la duka lako litabaki safi. Kama ni uongo, ni uongo wa kumfunika mtu blanketi. Ukisema niweke, nitaweka. Ukisema nisiweke, basi niambie nitaanzaje kusema.

Binti yako mwenye kidole kibaya,
Mama Kipusa


Jumapili, tarehe 17 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Jicho la kulia limefunguliwa jana. Nimeona dirisha, na nimemwona fundi cherehani, ambaye sauti yake ni nzuri kuliko sura. (Barua hii namwandikia kwa hisani tu.)

~~Weka dakika nne. Nakumbuka kama ilikuwa nne.~~

Nisamehe mwanangu, hapo nimemwambia akate. Sikumbuki chochote. Nilitamani tu kukumbuka. Duka lile nimelikalia miaka thelathini, na nimeogopa kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kwa hiyo siwezi kukukataza kitu ambacho mimi mwenyewe nimekisema dakika hii nikakifuta. Neno lililokupoteza ni langu, hilo mwambie waziwazi. Lakini wewe ndiye utakayekuwa mbele yake Ijumaa, wewe ndiye utakayemwona usoni. Mimi nipo mbali, tena nina jicho moja. Amua ukiwa umemtazama.

(Binti, ni mimi. Amelala sasa. Nimeshashona suti za watu waliokufa na za watu wanaooa, na mara moja nilikosea kipimo cha maiti, nikajua hatalalamika. Nilishona upya. Sikuambii kitu, nasimulia tu.)

Baba yako


Jumamosi, tarehe 23 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Hongera ya jicho, na hilo lingine lifuate mwenzake. Kipusa anakusalimu kwa mate, amelowesha kona ya juu hapo.

Nikuambie ukweli kwanza. Alhamisi niliweka dakika nne. Niliona pale palipokatwa, na kilichokatwa bado kinasomeka. Nikabonyeza, nikasimama nikiutazama mshale ukizunguka mara nne, nikausimamisha. Nikaifunga saa kwa kitambaa cha njano. Nikalala vizuri tu, sikuota kitu.

Ijumaa saa nne kamili akaingia. Amevaa gauni la kijivu, mkoba ameukumbatia.

"Haya," akasema, "leo umeruhusiwa kunirudishia?"

"Karibu kiti, Mama."

"Nimekuja kuchukua, sikuja kukaa."

Nikaweka kitambaa mezani. Alipounyoosha mkono, Baba, niliona kidole gumba chake. Kimepinda kidogo kwa ndani, kama cha mtu aliyeshikilia kitu kidogo kwa muda mrefu. Nikaweka kiganja changu juu ya kitambaa kabla hajafungua.

"Mama, saa hii sasa hivi inadanganya. Nimeifundisha mimi."

Nikasema yote. Neno lako, nilivyolisoma, mtoto, kitufe cha chini, na dakika nne za jana. Sikupanga maneno, yalitoka kama shanga uzi ukikatika. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana. Alikaa.

"Unajua ilikuwa kiasi gani?" akaniuliza.

"Sijui, Mama. Ndiyo dhambi yangu."

"Mimi najua. Dakika tano na sekunde arobaini na mbili. Unadhani nilihitaji kuangalia?"

Ndipo akanisimulia, kwa sauti ya chini, akikitazama kitambaa. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa na saa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mstari na kumpimia mume wake kila mzunguko. Mzunguko mmoja ulikuwa dakika tatu na kidogo. Mume akapita, akampungia, naye mama akabonyeza. Zikafika tatu. Zikafika nne, akajisemea labda ni gurudumu. Zikafika tano. Halafu yule mwenye bendera akaja akamgusa bega, na gumba likabonyeza lenyewe.

"Kwa hiyo si muda wake," nikasema.

"Ni wangu. Ni muda niliokuwa bado mke wa mtu." Akasukuma kitambaa kwangu. "Irudishe pale pake."

"Mama, siwezi kuusukuma kwa mkono. Mshale huu haupelekwi, unakwenda wenyewe. Lazima uanze juu, nasi tuusubiri ufike."

"Zote tano?"

"Zote, na hizo arobaini na mbili."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi nipe nishike mwenyewe."

Nikaurudisha mshale juu, nikampa. Akabonyeza. Mimi nilikuwa nimempakata Kipusa, na mtoto alivyoona ule wekundu unakimbia akajinyoosha, mpaka nikasogeza kiti changu karibu, tukawa watu watatu juu ya saa moja.

Baba, dakika ni ndefu. Tunauza betri kila siku na hatujui. Ya kwanza tuliitazama kama wageni. Ya pili jua lilikuwa limefika mezani, na kioo chako kipya kikatupa doa la mwanga darini, likatetemeka huko kama maji. Ya tatu akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa nainua shingo," na akaiinua kweli, akatazama mlangoni, kama kuna gari litakalotokea kwenye duka la kinyozi. Nami nikatazama. Naapa nilisikia kitu kikija kwa mbali, kikivuma, halafu kikawa ni feni. Ya nne ikaingia. Kipusa akamshika kidole kile cha gumba, kilichokuwa juu ya kitufe, nikataka kumtoa, akatikisa kichwa kwamba niache.

Ya tano ikatimia, tukaingia ya sita. Mshale ukapita kumi, ukapita ishirini. Nikaanza kuhesabu kwa sauti ili asikosee, maana sikutaka kosa la pili kwenye hadithi hii. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja.

Gumba halikushuka.

"Mama," nikasema, "imepita."

"Naiona."

Ikafika hamsini. Ikafika juu, mshale mdogo ukagusa sita. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sura kubadilika, kama bomba lisilofungwa vizuri. Mimi sikujua niguse wapi. Nikamwekea mkono mgongoni kama ninavyomfanyia mtoto akimaliza kunyonya, na hakuutoa.

Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba tena. Alivaa saa, akafunga mkanda tundu la mwisho maana mkono wake ni mwembamba. Mshale mwekundu bado unakimbia. Mlangoni akageuka.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa sijui kinachokuja baada ya arobaini na mbili. Kumbe ni arobaini na tatu."

Binti yako akupendaye,
Mama Kipusa