Mwokaji Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Unga haujafika. Lori limekwama darajani tangu Ijumaa – askari wanataka chao kwanza. Nimepunguza mkate tena. Fundi cherehani, mama wa nyumba ya jirani, kaugeuzageuza mkononi, kauliza kama ni mkate au kifungo cha koti. Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, ila la moyoni nalijua mwenyewe.
Redioni serikali mbili. Kila moja inasema nchi imetulia! Mama kasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi – ila safari hii hata nyasi zimekwisha.

Jumanne, 4 Machi
Mdogo wangu kapita asubuhi, na magwanda yake na bunduki. Wamempanga pale pale darajani. Kakonda! Shingo inacheza ndani ya kola. Mshahara hawajauona tangu bunge livunjwe. Anasema kambini wanalala na njaa, wanaamka nayo. Nikamfungia mikate ya wenzake. Wa kwake kaula hapo hapo, wima, mashavu yamejaa, kama enzi za utoto.
Nilitaka kumuuliza: na nyinyi mnachukua vitu vya watu? Sikuuliza. Angenijibu.

Alhamisi, 6 Machi
Heri ningeuliza! Fundi cherehani alivuka mto kutafuta mchele. Karudi mikono mitupu, kiatu kimoja. Askari walimpokonya gunia pale kwenye kizuizi cha darajani, na mdogo wangu alikuwepo. Hakumgusa. Aligeuka tu, akatazama maji. "Mtoto niliyembeba mgongoni," fundi kasema, karudia. Nikampa mkate, akaurudisha juu ya meza taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Akaenda zake.
Mama hajala. Mimi nimekula – sijui nini.

Ijumaa, 7 Machi
Risasi. Tangu alfajiri, upande wa mto. Tanuri baridi. Mama yuko chini ya meza ya kukandia, anasali, na katikati ya sala anazitukana serikali zote mbili, kwa zamu, bila upendeleo.
Simu ya mdogo wangu haipatikani.

Jumapili, 9 Machi
Kumetulia, kwa hiyo nimefungua. Ule upande mwingine ndio umeshika mji. Wamejifunga vitambaa vyeupe mikononi. Lori la unga wamelipitisha – haya, si haba.
Nilikuwa nimeshaanza kukanda, mara mlango wa nyuma – mdogo wangu! Hana magwanda, hana viatu, kifua wazi. Wenzake wengine wamekimbia, wengine hawatakimbia tena. "Dada, nifiche." Nimfiche wapi, ndani ya tanuri? Nikamvalisha aproni, nikampaka unga usoni, nikamsukuma mbele ya donge la unga.
Hata hajashika vizuri, kamanda wao kaingia na watu wake. Wanataka mkate. Haujaiva. Basi, watasubiri. Huyu nani? Mwokaji wangu, nikasema. Mbona anakanda kama anafua nguo? Nikasema mgeni wa kazi, tena mvivu tangu kuzaliwa. Mama akamzaba kofi la kisogoni, la kweli kweli. "Kanda, wewe! Watu wana njaa!" Askari wakacheka mpaka wakashika mbavu.
Kamanda hakucheka. Anamtazama mdogo wangu begani, pale mkanda wa bunduki ulipoacha alama.
Naandika haya hapa kaunta, wanadhani napiga hesabu za duka. Mkate wa kwanza umeingia tanurini. Harufu imeanza kutoka, na foleni nje imerefuka. Mtaa mzima uko pale – watu waliomlea mdogo wangu.
Kamanda katoka kwenda kwenye foleni. Mungu wangu. Mlango uko wazi, nasikia kila neno. Mbele kabisa kasimama fundi cherehani, kikapu mkononi. Sikujua kama angerudi dukani kwangu. Kamanda ananyoosha kidole huku ndani. Kamuuliza fundi: "Mama, unamjua yule kijana?"
Fundi kachungulia. Kanitazama mimi. Kamtazama mdogo wangu. Kakohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kumtajia mteja bei.
"Namjua," kasema. "Namjua sana."
Mikono ya mdogo wangu imesimama ndani ya donge. Kamanda anamsogelea fundi. Mama kaninong'oneza niendelee kuandika, nisiinue macho, niandike chochote tu –